Tawe Mfumaji na Kibao cha Mwanawe

Tawe mfumaji alikuwa wa mkono wa kushoto. Ukitaka kujua kama nguo ni yake hukuwa na haja ya kuuliza. Ulishika matamvua ya pindo ukayapapasa. Wafumaji wengine wote hapa Jeme husokota mafundo yao kwenda kulia. Ya Tawe yalikwenda kushoto. Wenye maneno sokoni walisema nguo zake humvaa mtu kinyumenyume, naye akawajibu wavue basi, tuone kama uchi wao ndio umekaa sawa.

Alizaliwa hapa upande wa machweo wa Mto, akaolewa na mtunza mabata wa hekalu, akazaa watoto watatu na kuzika wawili kabla hawajaota meno. Mume aliumwa na nge akafa siku chache kabla ya mavuno. Akabaki na mtoto mmoja, Pamonti, na kitanda chake cha kufumia nguo. Alimlea mtoto chini ya kitanda hicho, akitambaa huku na huku kwenye mtande, nyuzi zikimkuna nywele. Pamonti akawa kijana mrefu, wa kuinama kila mlango. Alipofika miaka kumi na tisa alikwenda mji wa Kopto kufuata misafara ya punda inayovuka jangwa kwenda baharini. Mama hakumzuia. Alimfumia shuka nene ya kujifunika, kwa kuwa jangwa lina baridi, akamwambia asimpe mtu. Miaka minne baadaye mwenye mashua mmoja akaleta habari kwamba homa imemchukua Pamonti, wenzake wamempeleka kwa wakaushaji wa maiti, na akishatoka kwenye magadi na kufungwa sanda atarudishwa nyumbani.

Hapo ndipo ninapoingia mimi.

Sisi ni wamwaga maji kwa wafu. Baba yangu aliniachia pango la vyumba viwili mlimani na watu arobaini na mmoja ndani yake. Kila siku ya kumi, mungu Amuni anapovuka Mto kuja kuwatembelea wazee wake, sisi tunamfuata nyuma na mitungi. Unamwaga maji, unataja jina la mtu na jina la mama yake, unaweka mkate. Jina ndilo linalomfikishia maji kinywani. Maji bila jina ni kulowesha mchanga tu. Kusoma sijui sana. Baba alinifundisha majina ya watu wetu kama yalivyoandikwa kwenye vibao vyao vya shingoni, akaona yatosha. Aliniachia pia wasiwasi wake. Mimi ni mtu wa kurudi mara mbili kuangalia kama nimefunga mlango, na mara ya tatu kuangalia kama kweli nilirudi.

Pamonti aliletwa mwezi wa pili wa mafuriko. Mashamba yote yalikuwa chini ya maji, na mashua kubwa haikuweza kufika mlimani, kwa hiyo walimshusha kwenye tuta akapakiwa mtumbwi wa mafunjo. Hakuja peke yake. Mashua ile ile ilileta mtu mwingine kutoka Kopto, mchonga mawe aitwaye Harpesi, mama yake Tabeki, ambaye chama cha wenzake kilikuwa kimemwombea nafasi kwetu. Wote wawili walifungwa na mafundi wale wale, sanda za namna moja, mikanda ya namna moja, uso hauonekani. Kilichowatofautisha ni vile vibao viwili shingoni.

Mtumbwi ulikuwa ukiingiza maji. Wino wa vibao ni masizi, ukilowa unakwenda. Nilishawahi kuona kibao kilichorudi kuwa mti mtupu, na aliyekivaa hatujui tumwite nani mpaka leo. Basi nikafanya nilichoona ni busara. Nikavifungua vibao vyote viwili, nikavizungushia kitambaa changu cha kichwani, nikavitia kifuani. Nikajiambia: Pamonti ni wa mbele, Harpesi ni wa nyuma. Nikalirudia hilo kimoyomoyo mpaka likawa kama wimbo. Kisha mtumbwi ukapanda tuta lililozama, wapagazi wakashuka majini, wakausukuma, wakauzungusha, wakagombana, na tulipofika nchi kavu walianza kuwashusha kabla sijasimama. Nilipogeuka, walikuwa wawili juu ya mchanga, wamelazwa sambamba, na mbele na nyuma havikuwapo tena.

Tawe alikuwa amesimama pale, tope kichwani, kifua wazi kama mfiwa yeyote. Alinitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa na vibao.

"Wangu yupi?"

Ningesema sijui. Ni neno dogo, hata mtoto analijua. Mume wangu Nekhuti hakuwapo, alikuwa na shughuli ng'ambo; wapagazi walikuwa wakikamua nguo zao. Mbele yangu kulikuwa na mama tu, na macho yake. Nikaona mmoja ni mrefu kuliko mwenzake, nikakumbuka kijana aliyekuwa akiinama milangoni, na kidole changu kikatangulia akili. Tawe akamwangukia yule mrefu. Nikapiga magoti nikamfungia kibao cha Pamonti, nikakaza fundo mara tatu, na watu wakaona ni huruma.

Nyumbani nilimwambia Nekhuti nusu ya jambo. Nilimwambia nilikuwa na shaka kidogo. Akasema mimi bila shaka singekuwa mimi, akaomba bia.

Jamaa wengi huja pangoni mara moja kwa mwaka, Sikukuu ya Bonde, na makoja ya maua na chakula, wakae na watu wao. Tawe alikuja kila siku ya kumi. Alikuwa akipanda nyuma yetu taratibu, na binti yetu Tamini akimshika mkono kwenye mawe. Akifika alikaa kwenye kigoda kando ya yule mrefu, akampigapiga nyayo kama mtu anayeamsha mtoto, akaanza habari. Kitani cha mwaka huu kifupi. Jirani amenunua bata dume anayekimbia majike. Mke wa fulani amemrudia mumewe, lakini kwa masharti. Mimi huku namwaga maji, natamka "Pamonti, mama yake Tawe," na kila nikilitamka nilikuwa namtazama yule aliyelala ukutani.

Aliyelala ukutani nilikuwa nimemfungia kibao cha Harpesi. Huyo hakuwa na mtu. Mama yake alikuwa Kopto, kama alikuwa hai. Wenzake wa chama walikuja mara moja tu. Na hapa lazima niseme jambo ambalo nisingependa kulisema. Mtu asiye na wa kumtazama humwagiwa maji vibaya. Nilimwachia zamu ya mwisho. Nilimpa yaliyobaki chini ya mtungi, yenye mchanga, na jina lake nikalitaja huku nimeshaanza kufunga kapu. Siku za jua kali nilimsahau kabisa, nikakumbuka njiani, nikasema atapewa mara mbili siku nyingine. Sikumpa.

Mwaka wa tano Tamini alijifungua mtoto wa kiume, akaishi siku nne. Watu walisema ni maziwa, wengine wakasema ni upepo. Nilikwenda pangoni peke yangu asubuhi, nikamwagia yule wa ukutani mtungi mzima, nikamwomba kama kuna jambo kati yetu alimalize na mimi. Nilimwita Harpesi. Sikuwa na jina lingine la kumwita.

Mwaka wa tisa mchwa waliingia. Walipanda na ufa wa ukuta, na walipofika kwa yule wa ukutani walikula sanda upande wa miguu. Nilichukua sindano na kitambaa nikaenda kumshonea. Nikafungua palipooza ili nipate pa kushikiza, na chini ya mkanda wa nje, kwenye kifundo cha mguu, nikakuta pindo. Unajua wafungaji hutumia nguo za marehemu mwenyewe kwa ndani, wakizipasua mikanda. Hili lilikuwa pindo la shuka nene, na matamvua yake bado yapo. Nilipapasa fundo la kwanza. Nikapapasa la pili. Yalikwenda kushoto.

Nilikaa chini. Pamonti alikuwa mrefu, kumbe mchonga mawe alimpita. Kabla ya hapo nilikuwa na shaka, na mtu huweza kuishi na shaka. Huizoea kama jiwe ndani ya kiatu. Sasa sikuwa nayo tena. Miaka tisa, kila siku ya kumi, Tawe amekuwa akimsimulia mtoto wa Tabeki habari za mabata, na mwanawe amelala hatua tatu kutoka hapo, akisikia sauti ya mama yake, akiitwa jina la mtu mwingine, akinywa mashapo. Nilishona pale mahali. Nilishona vizuri sana, mishono midogo midogo.

Mara hii nilimwambia Nekhuti yote. Alikuwa akimenya vitunguu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. "Basi hakuna jambo," akasema. "Vibao ni viwili, mikono unayo. Wabadilishe, uwahamishe mahali, kila mtu apate chake. Utakuwa umetengeneza, mama Tamini. Kuna watu huharibu na hawatengenezi."

Na mimi nikaona kwamba ndivyo. Lakini niliahirisha. Nilikuwa nasubiri siku ambayo moyo utatulia, na moyo huu ndio ule ule ambao siku moja utawekwa kwenye mizani, mbele ya wale wazee arobaini na wawili wanaohukumu wafu, useme wenyewe ulichokiona. Wengine huwekewa juu yake kidude cha jiwe cha kuunyamazisha. Nilijua wangu hautanyamaza. Haujawahi.

Kisha Tawe mwenyewe akanifuata nyumbani. Alikuwa amepungua mwaka ule, macho yamefunga utando, na kikohozi kilikuwa kimehamia kwake kama mpangaji. Alibeba mzigo wa kitani begani na hakukubali kupokewa. Aliufungua mbele yangu. Ilikuwa sanda, nyeupe, laini kuliko kitu chochote alichowahi kufuma, pana, na ndefu kupita kiasi cha mtu mmoja.

"Ya mwisho hii," akasema. "Nimeifuma kwa vidole, macho hayakunisaidia. Itakatwa katikati. Nusu namfunika Pamonti Sikukuu ya Bonde ikifika, nusu mtanifunikia mimi. Na mimi mtanilaza kushoto kwake. Nilimnyonyesha kulia, mkono wa kushoto ubaki wa kazi, alale hivyo hivyo."

Nikamwambia ataishi sana. Akaniambia nisimharakishe kwa uongo, nimwambie tu kama nimesikia. Nikasema nimesikia, kushoto kwa Pamonti. Nilimpa tende, akala mbili, akaondoka. Sikukuu ilikuwa imebakiza mwezi. Sikulala usiku mzima hata mmoja mwezi ule. Nilijiona nikiwalaza wale watu wawili kando kwa kando, mama wa huyu na mwana wa yule, wamefunikwa nguo moja, mpaka mwisho wa nyakati.

Siku moja kabla ya sikukuu, mimi na Nekhuti tulipanda mlimani. Nikafungua kamba za vibao, nikavibadilisha. Tukamwinua yule mfupi kutoka ukutani, tukamleta mahali pazuri penye mwanga wa mlango, na mrefu tukampeleka kwenye mchwa. Nekhuti alisema mgongo wake hautanisamehe hata kama miungu itanisamehe. Nikamwambia yule mfupi taratibu, sikioni, "Pamonti, mama yake Tawe." Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa jina lake tangu Kopto. Nilifagia, tukashuka, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nilikula nikashiba.

Kesho yake mlima wote ulikuwa umejaa watu, ngoma, harufu ya bata wa kuchoma na mashada ya maua. Amuni alivuka, tukamshangilia. Tawe alipanda na Tamini, sanda imekunjwa juu ya kichwa cha Tamini, yeye mwenyewe amebeba koja la maua ya buluu. Aliingia, akanyoosha mkono kutafuta kigoda, akakaa. Akaweka mkono kwenye nyayo. Akaupandisha magotini, tumboni, mabegani. Akarudi nyayoni akaanza upya, na koja bado liko mapajani.

"Huyu nani?"

Nekhuti akacheka kidogo. "Nani tena, bibi? Pamonti wako."

"Pamonti wangu ameishia hapa?"

"Marehemu hupungua, bibi Tawe. Miaka tisa ni mingi. Hata mimi napungua."

"Wewe ulipungua zamani, Nekhuti, na si urefu." Tamini alificha mdomo. "Mkono huu umepima nguo miaka hamsini. Mnanipunja shubiri nzima, halafu mnaniambia imelowa ikarudi."

Akainuka. Akatembea kwa kupapasa, mtu kwa mtu, akiomba radhi kila mmoja anayemgusa, mpaka ukutani. Alipomfikia yule mrefu alimtambua kabla mkono haujafika kifuani. Sauti yake ikabadilika. Akasema huyu hapa, kwa nini wamekuweka kwenye vumbi baba, nani amekuhamisha. Akamvisha koja.

Nekhuti alinitazama. Naijua sura ile. Ilikuwa inasema: nyamaza, rudisha vibao jioni, bibi wa watu afe na raha yake. Na ilikuwa rahisi. Ilikuwa rahisi kuliko siku ile ya mtumbwi, maana safari hii hata kidole singenyoosha. Ningenyamaza tu. Lakini yule mfupi alikuwa amelala pale kwenye mwanga, mahali pake, jina lake shingoni kwa siku moja, na mama yake amempa mgongo.

"Bibi Tawe," nikasema, "njoo huku. Nipe mkono wako wa kushoto."

Alikuja kwa mashaka. Niliinama kwenye kifundo cha mguu cha yule mfupi, nikakata mishono yangu kwa meno, nikafungua mkanda, nikaviweka vidole vyake juu ya pindo. Nikarudi nyuma. Vidole vilikwenda fundo la kwanza, la pili, vikaenda mpaka mwisho wa matamvua, vikarudi.

"Hii niliifuma mwaka wa nzige," akasema, bila kusema na mtu.

Nikamweleza yote. Mtumbwi, masizi, vibao kifuani, wa mbele na wa nyuma. Mchwa. Jana. Nilizungumza haraka kama mtu anayemwaga maji machafu kabla hajaonekana.

"Nilikuuliza yupi wangu," akasema Tawe.

"Uliniuliza."

"Ungeniambia hujui, ningewafungua wote wawili palepale mchangani. Ningempata kabla ya jua kuzama."

"Ndiyo, bibi."

"Na huyu, miaka yote hii, nani alikuwa anamhudumia?"

"Mimi."

"Vizuri?"

Hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Nekhuti hakujua, Tamini hakujua. Ningesema vizuri, na pengine lingekuwa na huruma ndani yake.

"Hapana," nikasema. "Nilimpa yanayobaki. Siku nyingine nilimsahau."

Tawe hakulia. Alikaa sakafuni, kigoda kikiwa kando yake, mkono wake umeshika kile kifundo cha mguu, akakaa hivyo mpaka watu wa mapango mengine walipoanza kula. Mwishowe alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza uzi sokoni:

"Mimi sitakulaani, mama Tamini. Nimezika wengi, laana sina tena. Ila mkono wako usinimwagie maji. Wala mwanangu. Huyu msichana atatumwagia."

Nikasema nimesikia. Akaniambia nitoke nje, nikatoka. Nilikaa juani kwenye jiwe na mtungi wangu, watu wakipita na kunikaribisha vipande vya bata, na mimi nikawashukuru. Sanda haikukatwa siku ile. Tamini aliirudisha nyumbani kwake ikiwa nzima.

Yaliyofuata nayajua kwa Tamini, maana tangu siku ile Tawe akiwamo mimi nilibaki mlangoni. Siku ya kumi iliyofuata alikaa karibu na mwanawe. Akamwambia Tamini, "Yule nimeshamwambia yote. Huyu nimwanzie wapi?" Tamini, ambaye ana akili nyepesi kuliko mama yake, akamwambia aanze mwanzo. Basi akaanza mwanzo, tangu mwaka ule alioletwa: mafuriko yalivyokuwa, nani aliolewa, nani alikufa, bata dume wa jirani na vituko vyake. Kila siku ya kumi alisogea mbele miezi kadhaa. Mimi kule nje nilikuwa nasikia sauti si maneno, na mara moja moja kikohozi, halafu sauti tena.

Tawe alipokufa alikuwa amefika mwaka wa tano, mwaka wa mtoto wa Tamini. Tamini alinieleza kwamba siku ile ya mwisho Tawe alimsimulia Pamonti habari ya yule mtoto wa siku nne, kwa upole, akasema alikuwa na nywele nyingi. Nilimwuliza kama alisema lolote juu yangu. Tamini akasema hapana, mama, si kila habari inakuhusu.

Tulimrudisha kutoka kwa wakaushaji wiki kumi baadaye. Sanda ikakatwa katikati. Tulimlaza kushoto kwa mwanawe. Nilipima mara nne ni upande gani, mpaka Nekhuti akaniambia kushoto hakujahama. Kibao chake nilikifunga mwenyewe, wakaushaji wakiwa bado wamemshika, na sikukiacha mkono. Hilo alikuwa hakunikataza. Maji yao humwagwa na Tamini.

Mimi kazi yangu ni Harpesi. Tawe alikuwa amemwachia Tamini neno moja juu yake, kwamba wasimpeleke mbali, ameshamzoea. Kwa hiyo amelala upande wa pili wa Pamonti, mbali na mchwa. Nimewatuma wenye mashua mara tatu kumtafuta Tabeki huko Kopto, nimwambie mwanawe yuko wapi na kwamba kwa miaka tisa hakukosa mtu wa kumpigapiga nyayo asubuhi. Hawajampata. Mmoja alisema kuna mwanamke wa jina hilo huuza dengu langoni, lakini alikana kuwa na mtoto wa kiume, na mimi huwaza kwa nini mwanamke akane.

Siku ya kumi nikifika, namwagia Harpesi kwanza kabla ya watu wengine wote, mtungi ukiwa umejaa. Nataja jina lake na la mama yake mara mbili, nisije nikawa nimekosea mara moja. Kisha natoka, nasimama mlangoni, namsubiri binti yangu awamalize wale wawili. Akitoka namwuliza kama amemwaga taratibu, kama ametaja majina yote mawili, kama maji yalikuwa safi.

"Yamenywewa, mama," ananiambia kila mara, akinikabidhi mtungi mtupu. "Twende."

Nami narudi kuangalia kama mlango umefungwa.